Nani Alitoa Amri? Uchambuzi wa Sakata la Lavon na Kiti cha Hakimu Kilichobaki Wazi

Neno la Kiebrania parasha lina kazi mbili. Sinagogini ni fungu la Taurati linalosomwa kila Sabato. Magazetini ni sakata. Katika Israeli ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtu aliyetamka "Haparasha" bila kuongeza neno alieleweka papo hapo na mwenye duka, mwanafunzi na mbunge: alikuwa anazungumzia sakata la Pinhas Lavon, Waziri wa Ulinzi wa zamani. Sakata hilo lilikipasua chama tawala cha Mapai, likamgombanisha David Ben-Gurion, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi, na watu aliowalea mwenyewe kisiasa, na likaacha swali ambalo Waisraeli wa umri fulani bado wanalikumbuka: nani alitoa amri?

Waliokiandika kisa hiki wengi wamekesha wakimtafuta mtoa amri. Ninaona swali lililowashinda wahusika ni jingine, na ndilo lililozaa madhara makubwa zaidi: mkubwa wa serikali anapodaiwa kukosea katika jambo la siri, ni nani mwenye haki ya kukaa kwenye kiti cha hakimu? Taifa lilikuwa na umri wa miaka sita tu wakati kosa lilipotendeka, na kiti hicho hakikuwa na mwenyewe. Kila mtu alikikalia kwa zamu, na kila aliyekikalia alikuwa na maslahi yake.

Tuanze na tukio lenyewe. Mwaka 1954 Uingereza ilikuwa inajadiliana na serikali ya Gamal Abdel Nasser kuhusu kuondoa majeshi yake katika eneo la Mfereji wa Suez. Wakubwa wa usalama wa Israeli waliyachukulia majeshi hayo kama kizuizi kati yao na Misri, na waliogopa kwamba yakiondoka, kambi na viwanja vya ndege vitaangukia mikononi mwa adui. Idara ya ujasusi wa jeshi ilikuwa na kikosi cha siri kilichoitwa Kitengo 131, ambacho tangu 1951 kilikuwa kimeandaa mtandao mdogo wa vijana Wayahudi wenyeji wa Kairo na Aleksandria. Hawa hawakuwa majasusi wa kazi. Moshe Marzouk alikuwa daktari, mtoto wa jamii ya Wakaraiti wa Kairo, Wayahudi wanaofuata Maandiko bila mapokeo ya marabi. Shmuel Azar alikuwa mwalimu Aleksandria. Kazi waliyopewa ilikuwa kuchoma moto maeneo ya umma, yakiwamo ya Wamarekani, ili ionekane kwamba Misri haina utulivu na serikali yake haiaminiki, na kwa hiyo Waingereza wasite kuondoka.

Tarehe 2 Julai walichoma posta ya Aleksandria. Tarehe 14 Julai zilifuata maktaba za shirika la habari la Marekani katika miji yote miwili. Vilikuwa vilipuzi vidogo vya kuwasha moto, na hakuna aliyekufa. Tarehe 23 Julai, siku Misri ilipokuwa ikiadhimisha mapinduzi yake, kijana Philip Natanson alikuwa anakaribia sinema ya Rio ya Aleksandria, mfukoni ana kifuko cha miwani ambamo kemikali zilikuwa zimefichwa. Kifuko kiliwaka kabla ya wakati. Moto ulimshika nguoni mbele ya watu na askari polisi akamkamata pale pale, na katika siku zilizofuata mtandao wote ukakusanywa mmoja baada ya mwingine. Aliyepona ni msimamizi wao kutoka Israeli, Avri Elad, ambaye aliondoka Misri bila kuguswa, jambo lililoanza kunuka mapema.

Kesi ilifanyika Kairo kuanzia Desemba 1954. Max Binnet, afisa wa ujasusi wa Israeli aliyekamatwa katika msako huohuo, alijiua gerezani. Marzouk na Azar walinyongwa tarehe 31 Januari 1955. Natanson na Victor Levy walipewa kifungo cha maisha, Marcelle Ninio na Robert Dassa miaka 15 kila mmoja, na wengine wawili miaka 7. Majina haya yashikwe, kwa sababu yatapotea katika simulizi hii kama yalivyopotea katika ile ya kwanza.

Yerusalemu, Waziri Mkuu Moshe Sharett hakuwa ameshauriwa wala kuarifiwa kabla ya operesheni. Ben-Gurion alikuwa amejiuzulu mwishoni mwa 1953 na kwenda kuishi Sde Boker, kijiji cha jangwa la Negevi, akiwa amemwachia Lavon Wizara ya Ulinzi. Chini ya Lavon walikuwepo Moshe Dayan, mkuu wa majeshi. Shimon Peres, mkurugenzi mkuu wa wizara. Na Benyamin Gibli, mkuu wa ujasusi wa jeshi. Uhusiano kati ya waziri na hao vijana wa Ben-Gurion ulikuwa mbovu kiasi kwamba kila upande uliamini mwingine unauficha mambo. Gibli alidai kwamba Lavon alimpa amri kwa mdomo, wakiwa wawili tu, katika kikao cha nyumbani kwa waziri tarehe 16 Julai. Lavon alikana kabisa.

Hapa msomaji atulie kidogo na kalenda. Posta ilichomwa tarehe 2 Julai na maktaba tarehe 14. Hata tukimwamini Gibli neno kwa neno, amri anayoitaja ilitolewa baada ya matukio mawili ya kwanza kuwa yameshafanyika. Hilo halithibitishi kwamba Lavon hakuwahi kutoa amri yoyote wakati mwingine, lakini linatosha kuonyesha kwamba simulizi ya mkuu wa ujasusi haikuwa imeshonwa vizuri.

Sharett aliteua watu wawili wachunguze kwa siri: Yitzhak Olshan, Rais wa Mahakama ya Juu, na Yaakov Dori, mkuu wa majeshi wa kwanza wa nchi. Dayan na Peres walitoa ushahidi ambao haukumsaidia Lavon. Mapema 1955 wachunguzi hao waliwasilisha jibu ambalo, kwa muhtasari wangu, lilisema kwamba hawakushawishika pasipo shaka kuwa Gibli hakupewa amri, na wala hawakuwa na hakika kwamba Lavon ndiye aliyeitoa. Ni jibu la waungwana wawili wasio na uwezo wa kumwita shahidi kwa nguvu ya sheria, waliopewa neno la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine na rundo la karatasi zilizotoka katika idara ileile iliyokuwa inachunguzwa.

Na karatasi hizo zilikuwa zimeguswa. Miongoni mwake ilikuwapo nakala ya barua ya Gibli kwa Dayan, ambaye wakati huo alikuwa safarini Marekani. Barua ya awali ilieleza tu kwamba watu wa mtandao wametumwa kazini. Nakala waliyoonyeshwa wachunguzi ilipigwa chapa upya na kuongezwa maneno ya kusema kwamba hilo limefanyika kwa amri ya Lavon. Ni maneno machache tu, kazi ya dakika chache kwenye taipureta, na yalitosha kuyumbisha wizara. Elad naye alisafirishwa hadi mbele ya wachunguzi akiwa amefundishwa aseme nini.

Lavon alimtaka Sharett awafukuze Peres na Gibli. Sharett alikataa, Lavon akajiuzulu Februari 1955, na kabla mwezi haujaisha Ben-Gurion alikuwa amerudi kutoka jangwani kushika Wizara ya Ulinzi. Gibli aliondolewa kwenye ujasusi lakini akabaki jeshini. Lavon alipozwa kwa cheo cha Katibu Mkuu wa Histadrut, shirikisho la wafanyakazi lililokuwa na viwanda, hospitali na kampuni za ujenzi, dola ndani ya dola. Umma haukuambiwa kitu. Mdhibiti wa habari wa kijeshi alizuia maelezo yote, na hata miaka iliyofuata magazeti yalilazimika kuandika kwa mafumbo: operesheni iliitwa "shughuli mbaya", Gibli akaitwa "Afisa Mwandamizi", Elad akaitwa "Mtu wa Tatu". Wasomaji wa Tel Aviv walizoea kusoma makala ndefu za ukurasa wa mbele ambazo hazikutaja jina la mtu, mahali wala kosa.

Sakata lilifufuka kwa njia ya pembeni. Elad alishtakiwa kwa siri kwa makosa ya uhusiano na ujasusi wa Misri na nyaraka za siri, na katika kesi hiyo habari za ushahidi wa uongo na karatasi zilizoghushiwa zikatoka. Mwaka 1960 Lavon alikwenda kwa Ben-Gurion, ambaye wakati huo alikuwa Waziri Mkuu, akamwomba atangaze hadharani kwamba yeye hana hatia. Ben-Gurion alimjibu kwamba hakuwahi kumshtaki, kwa hiyo hawezi kumsafisha. Tena kumsafisha mmoja ni kumtia hatiani mwingine, na yeye si hakimu. Kamati iliyoongozwa na Haim Cohn, jaji wa Mahakama ya Juu, ilichunguza madai ya kughushi na kupata dalili nzito za uongo. Lavon hakusubiri. Alipeleka malalamiko yake mbele ya Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje na Ulinzi, ambako wapinzani wa Mapai walikuwa wameketi wakisikiliza kwa hamu, akawashutumu Peres na maafisa wa jeshi, na maneno yake yalikuwa magazetini kabla wino wa kumbukumbu za kikao haujakauka.

Baraza la Mawaziri likaunda kamati ya mawaziri saba chini ya Pinhas Rosen, Waziri wa Sheria. Kwa jina, kazi yao ilikuwa kushauri utaratibu wa kufuata. Badala yake walisoma nyaraka, hawakuwaita wahusika wahojiwe mbele yao, na mnamo Desemba 1960 wakaamua moja kwa moja: Lavon hakutoa amri, operesheni ilifanyika bila yeye kujua. Serikali ikaupitisha uamuzi huo.

Ben-Gurion aliwaka. Hoja yake ilikuwa rahisi na, kwa maoni yangu, ilikuwa sahihi: mawaziri ni wanasiasa, wana vyama na wana urafiki, na hawawezi kutoa hukumu inayompa mmoja usafi na kumbebesha mwingine lawama bila kusikiliza pande zote. Jambo kama hilo ni la majaji. Mswahili angeliita kesi ya ngedere kupelekwa kwa nyani. Mapokeo ya Kiyahudi yenyewe yana ukali juu ya hili. Sheria ya marabi inamkataza mtu kuketi hukumuni katika shauri la jamaa au rafiki wake. (Jina la ukoo la Dayan, kwa bahati, maana yake kwa Kiebrania ni kadhi.)

Lakini hoja sahihi haimfanyi msemaji wake kuwa mkweli, na hapa ndipo Ben-Gurion anaponipotezea imani. Kama alitaka majaji, mwaka 1955 alikuwa Waziri wa Ulinzi na baadaye mwaka huohuo Waziri Mkuu, na kwa miaka mitano hakuwatafuta. Aliwatafuta pale hukumu ilipomwendea vibaya, wakati maafisa na vijana wake walipoanza kuonekana wabaya. Alijiuzulu tarehe 31 Januari 1961, siku ileile ya kalenda ambayo miaka sita nyuma Marzouk na Azar walinyongwa, ingawa sidhani kama mtu yeyote chamani aliliona hilo. Ili arudi, Levi Eshkol, Waziri wa Fedha, alipeleka pendekezo kwenye Kamati Kuu ya Mapai kwamba Lavon avuliwe uongozi wa Histadrut. Tarehe 4 Februari 1961 wajumbe 159 waliafiki na 96 wakakataa. Mtu ambaye serikali ilikuwa imetangaza kwamba hana hatia aliadhibiwa na chama chake wiki sita baadaye, bila shtaka wala jaji, ili kumridhisha mzee aliyekuwa akihubiri kwamba hukumu ni ya majaji. Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu, kina Nathan Rotenstreich na Jacob Talmon miongoni mwao, walipinga hadharani, na wapiga kura nao walitoa sauti yao: katika uchaguzi wa Agosti 1961 Mapai ilishuka kutoka viti 47 hadi 42.

Hata hivyo Lavon asiachwe atoke kwenye kisa hiki akiwa mwathirika tu. Katika mabishano yote ya 1960, yeye na wapinzani wake walikubaliana juu ya jambo moja bila kulisema: kwamba kila kitu kinategemea kama alitamka maneno fulani au hakutamka. Hilo ni swali la mahakama ya jinai. Swali la uwajibikaji wa waziri ni jingine kabisa. Waziri wa Ulinzi ambaye idara yake inawatuma vijana raia wa nchi nyingine kuchoma maktaba, bila Waziri Mkuu kujua, anawajibika kwa hilo akiwa ametoa amri au akiwa hakutoa. Kama alitoa, amekosa kwa kitendo. Kama hakutoa, basi amesimamia wizara ambamo mkuu wa ujasusi anaweza kuanzisha shughuli ya hatari nchi za nje na kupiga taipu amri baadaye. Lavon hakujiuzulu kwa sababu hiyo. Alijiuzulu kwa sababu alinyimwa vichwa vya watu alioomba, na miaka mitano baadaye alidai jina lake lisafishwe kana kwamba jina ndilo lililokuwa limeharibika zaidi mwaka 1954. Sharett, aliyefichwa mambo, alikuwa na uwezo wa kuwafukuza wote watatu, Lavon, Peres na Gibli, na akamwacha aende mmoja.

Miaka iliyofuata naipita haraka, maana ni marudio. Ben-Gurion aliondoka madarakani tena mnamo Juni 1963, safari hii moja kwa moja. Mwaka 1964 alileta mafaili mapya akidai tume ya majaji ichunguze utaratibu wa kamati ya mawaziri saba. Eshkol, sasa Waziri Mkuu, alikataa. Katika mkutano mkuu wa Mapai wa 1965, Sharett, akiwa mgonjwa wa saratani na akiletwa ukumbini kwa kiti cha magurudumu, alimsema Ben-Gurion mbele ya wajumbe kwa kukilazimisha chama kuishi ndani ya ugomvi wake. Golda Meir, Waziri wa Mambo ya Nje, naye hakumwonea haya. Sharett alifariki Julai mwaka huo. Ben-Gurion alianzisha chama chake, Rafi, akiwa na Dayan na Peres, kikapata viti 10 dhidi ya 45 vya muungano wa Eshkol. Mwasisi wa taifa alimaliza maisha yake ya siasa katika upinzani kwa sababu ya kifuko cha miwani kilichowaka Aleksandria miaka kumi na moja nyuma.

Kilichobaki cha manufaa ni sheria. Hadi wakati huo Israeli ilikuwa inategemea kanuni ya tume za uchunguzi iliyorithiwa kutoka utawala wa Waingereza wa 1921, ambayo haikuweka ukuta kati ya mchunguzi na mwenye madaraka. Sheria ya Tume za Uchunguzi ya 1968 ilitokana kwa kiasi kikubwa na aibu ya sakata hili. Serikali ndiyo inayoamua kama tume iundwe na kuhusu jambo gani, lakini ikishaamua, Rais wa Mahakama ya Juu ndiye anayeteua wajumbe, na mwenyekiti huwa jaji. Tume ina uwezo wa kuita mashahidi, na mtu anayeweza kuumizwa na matokeo hupewa taarifa mapema ili ajitetee, haki ambayo mawaziri saba hawakumpa Gibli na Kamati Kuu ya Mapai haikumpa Lavon.

Nguvu na udhaifu wa sheria hiyo vilionekana haraka. Tume ya Agranat, baada ya vita vya Oktoba 1973 na Misri na Siria, ilipendekeza mkuu wa majeshi David Elazar aondolewe lakini ikakataa kuwapima mawaziri kwa kipimo cha uwajibikaji wao wa kisiasa, na wananchi barabarani wakamalizia kazi hiyo wenyewe hadi Golda Meir, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu, akajiuzulu Aprili 1974. Tume ya Kahan, baada ya mauaji ya Septemba 1982 katika Sabra na Shatila, kambi za wakimbizi wa Kipalestina mjini Beirut, ilikwenda mbali zaidi: Februari 1983 ilisema Ariel Sharon anabeba wajibu binafsi kwa kupuuza hatari iliyokuwa wazi, ingawa si Waisraeli walioua, na kwamba hafai kubaki Waziri wa Ulinzi. Ndicho kipimo kilichokosekana mwaka 1960. Mlango uliobaki wazi ni ule wa mwanzo: serikali ndiyo inayoamua kama ichunguzwe. Mzozo mkali wa Israeli baada ya shambulio la Hamas la 7 Oktoba 2023, kuhusu kuunda au kutounda tume ya aina hii, umesimama kwenye mlango huohuo.

Turudi kwa majina tuliyoyashika. Baada ya vita vya Suez vya 1956, Israeli ilikuwa na zaidi ya wafungwa 5,000 wa kivita wa Misri, na iliwarudisha mwanzoni mwa 1957. Ninio, Dassa, Levy, Natanson na wenzao hawakuwamo katika mabadilishano hayo. Wanne waliotajwa walibaki gerezani Misri mwaka 1960 wakati Yerusalemu ikibishana nani alitoa amri, na mwaka 1961 wakati wajumbe 255 wakipiga kura Tel Aviv, na mwaka 1965 wakati chama kinagawanyika. Wanne hao waliachiwa mwaka 1968, baada ya vita vingine, vya 1967, na mabadilishano mengine, na hata walipofika Israeli habari yao ilifichwa. Ninio alipoolewa mwaka 1971, Golda Meir alihudhuria harusi. Machi 2005, katika makazi ya Rais Moshe Katsav, Ninio, Dassa na Meir Zafran, waliokuwa hai, walikabidhiwa hati za kutambua utumishi wao kwa taifa. Olshan na Dori, Cohn, na mawaziri saba wa Rosen walichunguza barua, tarehe na mazungumzo ya watu wawili chumbani. Kwa nini vijana hao hawakuombwa mwaka 1957, na nani aliamua wasiombwe, hakuna hata mmoja wao aliyepewa kazi ya kuuliza.